Gavana na polisi: Kiti kilichowekwa na sheria na kazi ambayo haijafanywa

KILA panapotokea mauaji, wizi wa mifugo au uvamizi katika kaunti yoyote humu nchini, wananchi humgeukia gavana na kumwuliza anafanya nini kuhusu usalama wao. Naye gavana, awe wa mrengo wa serikali au wa upinzani, hujibu karibu kwa maneno yale yale: usalama ni wajibu wa serikali ya kitaifa, na polisi hawapokei amri kutoka kwake.

Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imeandikwa katika Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, ambacho wapiga kura wengi hawajapata kukisikia na ambacho baadhi ya magavana, inaelekea, hawana haraka ya kukitaja.

Kifungu hicho kinaagiza kila kaunti iwe na chombo cha kusimamia shughuli za polisi katika eneo lake. Hapa tutakiita Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana mwenyewe, au waziri wa kaunti atakayemteua kwa niaba yake.

Wanachama ni madiwani wawili wanaopendekezwa na bunge la kaunti, wakuu wa polisi, ujasusi na upelelezi wa jinai katika ngazi ya kaunti, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti, ambaye ni kamishna wa kaunti. Kisha gavana huteua watu wengine wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, makundi ya kidini na vijana.

Msomaji atazame mpangilio huo wa viti kwa makini. Kamishna wa kaunti ni afisa wa serikali ya kitaifa, na ndiye anayeongoza kamati ya usalama ambamo mipango ya operesheni hujadiliwa faraghani. Katika Mamlaka ya Polisi, kamishna huyo huyo ni mwanachama wa kawaida, na aliyechaguliwa kwa kura ndiye anayeshika usukani. Kwenye meza hii mkuu wa polisi wa kaunti anaketi kama mwanachama chini ya mtu aliyechaguliwa na wakazi anaowalinda.

Mwenyekiti asiye na amri

Kwanza yafaa kusema wazi kile ambacho gavana hawezi kufanya, kwa maana mengi yanayosemwa kwenye majukwaa ya kisiasa huchanganya mambo.

Katiba ya 2010 iliweka polisi katika orodha ya majukumu ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali mamlaka huru ya kuongoza Huduma ya Taifa ya Polisi. Waziri anaweza kumpa maagizo ya kisera, tena kwa maandishi. Lakini hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, kuhusu kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani, wala kuhusu kuajiri, kuhamisha, kupandisha cheo au kumfuta kazi afisa fulani.

Ikiwa waziri mwenyewe amefungwa mikono hivyo, gavana hana njia ya kupenya. Hawezi kumpigia simu mkuu wa kituo na kumtaka amkamate mpinzani wake. Hawezi kuamuru mfuasi wake aachiliwe. Hawezi kumhamisha afisa asiyempenda, kwa kuwa kazi ya kuajiri na kuadhibu ni ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi.

Makatazo hayo yana historia nzito nyuma yake. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 iliripoti kwamba watu 1,133 walipoteza maisha, na kati yao 405 walikufa kwa majeraha ya risasi. Mwaka uliofuata, jopo la Jaji Philip Ransley likapendekeza mageuzi makubwa katika idara hiyo.

Waandishi wa Katiba mpya walikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja. Waliogopa polisi wanaotii mwanasiasa mmoja jijini Nairobi, na waliogopa vilevile polisi 47 wanaotii wanasiasa 47 mashinani. Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ilikuwa suluhisho la katikati: kiongozi wa kuchaguliwa apewe haki ya kuuliza na kujibiwa, asipewe bunduki.

Ni busara, kwa maoni yangu, ingawa suluhisho la katikati lina tabia ya kukosa mtu wa kulitetea.

Kazi zenyewe

Majukumu ambayo sheria inaipa Mamlaka ni mengi, na baadhi yake yamerudiwa kwa maneno tofauti, kama ilivyo desturi ya waandishi wa miswada. Inatakiwa kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia iwapo malengo hayo yanafikiwa, kuhimiza polisi jamii, kupokea taarifa kutoka kwa kamati za polisi jamii, na kuwa jukwaa ambapo umma unashiriki katika masuala ya polisi. Aidha, inapaswa kusimamia matumizi ya bajeti ya polisi katika kaunti.

Hili la bajeti ndilo gumu kuliko yote. Fedha za polisi hupitishwa na Bunge la Kitaifa na kutolewa na Hazina ya Kitaifa. Tangu 2022, uamuzi wa kuzitumia uko katika afisi ya Inspekta Jenerali badala ya afisi ya Rais, na hayo yalikuwa mageuzi yaliyopiganiwa kwa muda mrefu. Lakini hazipitii katika akaunti yoyote ya kaunti. Gavana anayetaka kujua ni lita ngapi za mafuta zilizopangiwa kituo fulani hana budi kuomba kuelezwa.

Magavana wengine walijaribu njia nyingine. Katika miaka ya kwanza ya ugatuzi, serikali ya Kaunti ya Machakos iliwanunulia polisi magari ya doria, na wakazi wakashangilia. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, gari likishakabidhiwa, anayeamua liende wapi na lini si kaunti. Kutoa gari ni hisani, ilhali sheria ilimpa gavana haki ya kudai maelezo hata kama hakutoa hata gurudumu moja.

Jukumu ambalo lingepaswa kumkosesha gavana usingizi limeandikwa kwa mstari mmoja tu: kufuatilia mienendo ya uhalifu katika kaunti, ukiwemo ule unaowaathiri hasa wanawake na watoto.

Tuchukue mfano wa msichana aliyenajisiwa kijijini. Mzazi wake anampeleka kituo cha polisi, tukio linaandikwa katika kitabu cha OB, na anapewa fomu ya P3. Fomu hiyo lazima ijazwe na daktari au mhudumu wa afya aliyeidhinishwa, ndipo iwe ushahidi mahakamani. Hospitalini kuna fomu nyingine inayohusu huduma kwa waathiriwa wa ubakaji, ambayo hujazwa wakati wa uchunguzi wa kwanza. Sampuli zinahitaji kuchukuliwa mapema, zihifadhiwe vyema na zikabidhiwe kwa mpelelezi kwa utaratibu unaoweza kuthibitishwa mbele ya hakimu.

Kituo cha polisi ni cha serikali ya kitaifa. Hospitali ya kaunti ndogo ni ya gavana, kwa kuwa huduma za afya ziligatuliwa. Kesi nyingi za aina hii hufia katikati ya milango hiyo miwili. Daktari wa zamu hayupo, au yupo lakini hataki kujaza fomu kwa kuchelea kuitwa kortini kutoa ushahidi. Mzazi anaambiwa alipe kwanza. Mpelelezi hana nauli ya kufuata sampuli. Wiki mbili zikipita, jamaa za mshukiwa wanakuja na mbuzi, na mambo yanamalizwa chini ya mti.

Polisi watasema kosa ni la hospitali. Hospitali itasema kosa ni la polisi. Mtu pekee katika kaunti ambaye sheria imempa sauti katika pande zote mbili ni gavana: huku kama mkuu wa serikali inayowalipa madaktari, na kule kama mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi. Angeweza kumtaka mkuu wa polisi na afisa wake wa afya waeleze, kwenye kikao kimoja, ni fomu ngapi za P3 zilitolewa katika robo ya mwaka, ngapi zilirudi zikiwa zimejazwa, na ngapi zilifika mahakamani. Hapo hajaingilia uchunguzi wa mtu yeyote. Ameuliza hesabu tu.

Afisi ya kamishna wa kaunti haiwezi kufanya hivyo, kwani haina hospitali. Wala Inspekta Jenerali hawezi.

Kifo korokoroni

Swali huwa gumu zaidi pale polisi wenyewe wanaposhukiwa. Mnamo Juni 2025, mwalimu ambaye pia alikuwa mwanablogu alikamatwa katika Kaunti ya Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha jiji. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Maandamano yakazuka, na watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, wakafikishwa mahakamani.

Kuchunguza kifo kama hicho si kazi ya gavana. Ni kazi ya Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2011, ambayo inawajibika kuchunguza kila kifo kinachotokea chini ya ulinzi wa polisi. Gavana akijitia kuchunguza atavuruga ushahidi.

Lakini kuna maswali yanayotangulia kifo, na hayo ni ya ujumla. Je, ni washukiwa wangapi wanaokamatwa katika kaunti hii na kusafirishwa usiku hadi kaunti nyingine? Nani huarifiwa? Seli za kituo hukaguliwa na nani, mara ngapi? Je, kitabu cha OB huonyesha saa mshukiwa alipoingia na hali ya mwili wake? Mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi anaweza kuyauliza hayo kila baada ya miezi mitatu bila kutaja jina la mshukiwa hata mmoja. Majibu yakichelewa au yakipindapinda, atakuwa amejua kitu kabla mtu hajafa.

Waliothubutu Khayelitsha

Wapo watakaosema kwamba haki ya kuuliza ni kidogo mno, na kwamba polisi wa kitaifa hawawezi kumjali mwanasiasa wa mashinani asiyeweza kuwafuta kazi. Afrika Kusini inatupa mfano wa kupima hoja hiyo, kwa sababu mfumo wake unafanana na wetu kuliko ule wa nchi nyingi. Polisi wa huko ni wa kitaifa. Viongozi wa majimbo hawana amri juu yao. Katiba yao, katika Kifungu cha 206, inayapa majimbo haki ya kufuatilia mwenendo wa polisi na kuchunguza malalamishi ya uzembe au ya kuvunjika kwa uhusiano kati ya polisi na jamii.

Khayelitsha ni mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini, viungani mwa Cape Town. Kwa hesabu ya watu ya 2011 ulikuwa na wakazi karibu 400,000. Wakazi walikuwa wamechoka na uhalifu kiasi kwamba makundi ya watu yalianza kuwaua washukiwa hadharani. Mashirika ya kijamii yakapeleka malalamishi kwa Waziri Mkuu wa jimbo la Western Cape, Helen Zille, ambaye mnamo Agosti 2012 aliunda tume ya kuchunguza, ikiongozwa na aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, Kate O'Regan, akisaidiwa na Vusi Pikoli.

Waziri wa Polisi wa serikali ya kitaifa alikwenda mahakamani kuizuia. Siasa zilikuwemo, bila shaka, maana Zille alikuwa wa chama cha upinzani. Lakini mnamo Oktoba 2013, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kuunda tume hiyo na kuwaita maafisa wa polisi kutoa ushahidi. Kufuatilia polisi, kwa uamuzi huo, si sawa na kuwaamuru.

Ripoti ya tume ilitoka Agosti 2014. Ilipata uzembe katika vituo vyote vitatu vya mtaa huo, na kuvunjika kwa imani kati ya wakazi na polisi. Ilipata pia jambo ambalo wakazi walilihisi siku zote bila kuweza kulithibitisha: kwamba njia iliyotumiwa kugawa maafisa ilivipa vituo vya maeneo maskini polisi wachache kuliko maeneo ya wenye nacho. Wanaharakati wakabeba ushahidi huo hadi Mahakama ya Usawa, ambayo mnamo Desemba 2018 iliamua kwamba mgao huo uliwabagua watu weusi na maskini.

Sitamdanganya msomaji kwamba Khayelitsha imekuwa shwari tangu hapo. Uhalifu wa bunduki na ulipishaji wa lazima wa ada za ulinzi umeendelea kuwatesa wakazi. Lakini siri ya mgao wa polisi ilifichuka, na ilifichuliwa na kiongozi asiye na amri juu ya konstebo hata mmoja. Ni kweli kwamba tume ya Zille ilikuwa na uwezo wa kuwaita mashahidi kwa lazima. Gavana wa Kenya hakupewa tume ya namna hiyo katika Kifungu cha 41, ila wakuu wa polisi, wapelelezi na majasusi wa kaunti tayari ni wanachama wa meza yake.

Nani hapa kwetu anajua Kayole ina maafisa wangapi kwa kila wakazi 1,000, ikilinganishwa na Gigiri? Au Tiaty ikilinganishwa na Nakuru mjini? Hilo ni swali la kuulizwa na mwenyekiti.

Uingereza na mzigo wa mamlaka

Kuna nchi zilizokwenda mbali zaidi. Nchini Marekani, katika kaunti nyingi, mkuu wa polisi wa kaunti anayeitwa sherifu huchaguliwa kwa kura na huwaamuru maafisa wake moja kwa moja. Uingereza na Wales zilichagua njia nyingine mwaka 2012, zilipowachagua kwa mara ya kwanza makamishna wa polisi na uhalifu katika maeneo 41. Kila kamishna huandaa mpango wa usalama wa eneo lake, huamua bajeti, humwajiri mkuu wa polisi na anaweza kumtaka ajiuzulu. Kwa maneno mengine, alipewa yale ambayo gavana wa Kenya alinyimwa.

Matokeo yamekuwa ya mchanganyiko. Katika uchaguzi huo wa kwanza, waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 15 pekee. Mnamo Agosti 2014, ripoti kuhusu mji wa Rotherham ilionyesha kwamba watoto wasiopungua 1,400 walidhulumiwa kingono kati ya 1997 na 2013 huku maafisa wakifumba macho. Kamishna wa eneo hilo, Shaun Wright, aliwahi kuwa diwani aliyesimamia huduma za watoto katika mji huo huo. Chama chake kilimtaka aondoke, hata Waziri Mkuu David Cameron akamtaka aondoke, lakini hakuna sheria iliyoweza kumlazimisha. Alijiuzulu mwenyewe mwezi uliofuata.

Mnamo Novemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itavifuta vyeo hivyo muhula wa sasa utakapokamilika Mei 2028, na kazi hiyo ikabidhiwe mameya na viongozi wa mabaraza. Wanaodai magavana wetu wapewe polisi wao wenyewe wangefanya vyema kuitazama safari hiyo ya miaka 16.

Kwa nini kiti kiko tupu

Katika kaunti nyingi, Mamlaka ya Polisi haijapata kufanya kazi jinsi sheria ilivyokusudia. Sababu ni kadhaa, na lawama hazina mwenyewe mmoja.

Serikali ya kitaifa haikuwa na pupa. Utekelezaji ulihitaji miongozo kutoka kwa waziri anayehusika na usalama, na kwa miaka mingi Baraza la Magavana limelalamika kwamba magavana wanawekwa pembeni katika masuala ya usalama. Wizara ilipendelea mkondo wake wa zamani, kutoka kwa kamishna hadi chifu na naibu wa chifu. Hata mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa kuiga mashina ya ujirani ya Tanzania, ulipitishwa mikononi mwa machifu. Kamati za polisi jamii zilizomo katika sheria, ambazo taarifa zake zilipaswa kuifikia Mamlaka, zikabaki nyuma ya kivuli cha mpango huo.

Magavana nao wana hesabu zao. Mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambapo watu 148 waliuawa, yaliwafunza kwamba usalama ni zigo lisilo na shukrani. Gavana asiyekalia kiti hawezi kuulizwa kwa nini kiti hakikufanya kazi. Ni rahisi zaidi kusimama kwenye mazishi na kuilaumu Nairobi.

Vipo pia vikwazo vya kawaida vya kiserikali. Nani alipe marupurupu ya wanachama? Taarifa za kijasusi zikitajwa kikaoni mbele ya mchungaji na mfanyabiashara, nani atazuia zisitoke nje? Maswali haya ni ya haki. Kwa maoni yangu hayatoshi kueleza ukimya wa zaidi ya miaka kumi, maana bodi za hospitali hukabili maswali kama hayo na bado huketi.

Mambo yasiyohitaji ruhusa ya Nairobi

Hata kabla ya Mamlaka kuketi, gavana ana vyombo vya usalama ambavyo havivai sare ya polisi. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti taa za barabarani. Linazipa pia utoaji wa leseni za vileo na usimamizi wa masoko. Stendi ya matatu yenye giza na baa iliyo karibu na lango la shule ni maamuzi ya kaunti, na kila mkuu wa kituo atakuambia uhalifu wake wa Ijumaa usiku hutokea wapi. Polisi wakileta takwimu zao mezani, na kaunti ikaleta ramani ya taa zake mbovu, kazi itakuwa imeanza.

Askari wa kaunti ni jambo jingine, na hapa tahadhari inahitajika. Hao huajiriwa kutekeleza sheria ndogo za kaunti, na kwa wachuuzi wengi sura yao ni ile ile ya askari wa mabaraza ya zamani waliokuwa wakipora bidhaa. Gavana anayetaka kuwasimamia polisi wa kitaifa kwa uadilifu ataulizwa kwanza kuhusu hawa walio chini ya amri yake mwenyewe.

Uteuzi wa wale wanachama sita ndio mtihani mwingine. Gavana akiwateua wapigadebe wake, mkuu wa polisi atajua mara moja kwamba kikao ni cha siasa, naye atajibu maswali kwa adabu bila kusema lolote la maana. Akimteua mama anayeendesha makao ya watoto walionajisiwa, mlemavu aliyewahi kukataliwa kwenye kaunta ya kituo, na kijana kutoka mtaa ambao polisi huuingia kwa malori tu, mkuu huyo atalazimika kuja na makaratasi yake.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 10, 2027, na wanaotaka ugavana watazunguka wakiahidi usalama. Ahadi ya kupeleka polisi zaidi hawawezi kuitimiza, kwa kuwa si yao. Ahadi wanazoweza kutimiza ni za kuitisha kikao cha Mamlaka kila robo ya mwaka, kuwaruhusu wananchi kuhudhuria sehemu isiyohusu siri, na kuchapisha majibu ya polisi kuhusu P3, seli na mgao wa maafisa kwa kila wadi.

Kwa sasa, mkazi anayetaka kujua iwapo kaunti yake ina Mamlaka ya Polisi anaweza kuanzia kwa diwani wake. Bunge la kaunti ndilo linalopendekeza wale wawili, na majina yao, kama yalipendekezwa, yamo katika kumbukumbu za vikao vya bunge hilo.